Filamu ya Kikauboi

Jioni nje ya kibanda cha video, uwe Makina kule Kibera au Kawangware 46, watoto mlangoni huuliza swali moja: "Leo ni ya kauboi ama ya Kichina?" Ubao wa chaki hauna nafasi ya maelezo marefu. Ya kauboi ina farasi na bastola. Ya Kichina ina mateke. Mengine atayasimulia DJ Afro, msimulizi wa filamu, kwa Kiswahili na Sheng.

Iko filamu inayolivuruga swali hilo. Mwaka 1991, He Ping wa studio ya Xi'an alitoa kisa cha kijana anayevuka jangwa kwa farasi kumfuata mchumba aliyeposewa utotoni. Mji anaoukuta ni kuta za udongo na vumbi. Anamuua jambazi, na bingwa wa upanga anakuja kulipiza kisasi. Wawili hao wanakabiliana kimya, muda mrefu; pigo ni la kufumba na kufumbua. Bastola haipo, lakini aliyemzoea Clint Eastwood haulizi yanayofuata.

Tuiiteje? Kiingereza huziita filamu za kauboi kwa jina la magharibi, yaani magharibi ya Marekani. Ukisema "filamu ya magharibi" kwa Kiswahili, msikilizaji anawaza Ulaya. Wachina hawakupata taabu. Mhakiki Zhong Dianfei alipowahimiza watu wa Xi'an mwaka 1984 watengeneze filamu za magharibi, alimaanisha magharibi ya China, yenye jangwa lake na farasi wake. "Filamu ya makauboi" nayo inadai kauboi, na hapa hayupo hata mmoja.

Dawa imo kwenye kiambishi ki-. Mtu mzima akilia kitoto hajawa mtoto. Ameiga namna tu. Vivyo hivyo, filamu ya kikauboi si lazima iwe na kauboi. Inatosha iwe na mgeni anayeingia mji usio na sheria, wenyeji waoga, na deni linalolipwa kwa damu mbele ya macho ya wote. Ki- ya "Kichina" inataja kwao. Ki- ya "kikauboi" inataja mwendo wake. Kwa hiyo hazigombani: filamu ya Kichina ya kikauboi.

Na kwenye ubao wa Makina, maneno mawili yanatosha: KICHINA, KIKAUBOI. Chaki inabaki ya kuandika saa.