Umeme Umekatika, Linux Imegoma Kuwaka? Usikubali Kufomati Kabla ya Kujaribu Haya

Umeme umekatika usiku. Asubuhi kompyuta ya ofisi pale Mugumu, au ya duka la Sirari, inaleta kioo cheusi chenye maandishi meupe: "Unable to mount root fs". Wengi huibeba mpaka kwa fundi, na fundi mwenye haraka anapiga Windows. Madeni ya wateja na hesabu za msimu mzima zinaondoka hivyo hivyo, wakati mara nyingi zilikuwa bado zipo kwenye diski.

Maneno hayo yana maana moja: kerneli, yaani moyo wa Linux, imeshawaka ila imeshindwa kufungua sehemu ya diski inayobeba mfumo wote. Sehemu hiyo huitwa mzizi.

Angalia namba za mwisho. Ikiwa "unknown-block(0,0)", kerneli haijaiona diski kabisa. Mara nyingi faili la initramfs, linaloisaidia kuifikia diski, halipo au limeandikwa nusu, kwa sababu umeme ulikata katikati ya sasisho au sehemu ya /boot ilijaa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Zima, washa tena huku ukibonyeza Shift au Esc, ingia "Advanced options", chagua kerneli ya zamani. Kwa Ubuntu na Debian, ikishawaka angalia nafasi kwa df -h /boot. Ikiwa imejaa, ondoa kerneli zisizotumika kwa sudo apt autoremove. Kisha andika sudo update-initramfs -c -k all, halafu sudo update-grub.

Wakati mwingine inasimama kwenye (initramfs) na kusema fsck iendeshwe kwa mkono. Hapo diski imeonekana, mpangilio wa mafaili ndio umevurugika. Jina la sehemu yenye shida limeandikwa hapo hapo, kwa mfano /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2, subiri imalize, kisha reboot.

Ila subiri kidogo. Kama diski inagonga-gonga, au kioo kimejaa "I/O error", usiguse fsck. Diski hiyo inakufa, na fsck inaweza kuimalizia. Washa kwa flashi ya Linux, nakili kila kitu kwenda diski nyingine kwa ddrescue, halafu tengeneza ile nakala. Na fsck haiendeshwi kamwe kwenye sehemu ambayo mfumo unaitumia.

Ikisema UUID "does not exist", linganisha majibu ya blkid na UUID iliyoandikwa baada ya root= kwenye /proc/cmdline, yaani ile GRUB iliyoipa kerneli. Hutokea sana diski ikishabadilishwa.

Shida ya umeme na kompyuta si ngeni Serengeti. Mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha chuo cha KTH cha Sweden na taasisi za Tanzania, ulijenga mtandao wa Serengeti Broadband kwa wilaya za Bunda na Serengeti, na watafiti wake walihangaika sana na suala la umeme, hadi kufikia ruta za Linux zinazokula umeme kidogo. Ruta ya Linux inaweza kupangwa mzizi wake usomwe tu bila kuandikwa, hivyo umeme ukikata haukuti faili la mfumo limeandikwa nusu. Kompyuta ya ofisini inaandika muda wote, kwa hiyo yenyewe inahitaji UPS.