Shambulio la Marshall

Shambulio la Marshall ni njia mojawapo ya kuanza mchezo wa sataranji (chesi), ndani ya Ufunguzi wa Kihispania. Limepewa jina la Frank Marshall (1877–1944), bingwa wa Marekani tangu 1909 hadi 1936. Lilipata umaarufu kwa mchezo ambao yeye mwenyewe alishindwa.

Hatua za mwanzo
Mweusi anatoa askari wake wa e5 kwa hatua ya nane, d8 ikiwa bado na malkia wake: anasogeza askari hadi d5. Baada ya kubadilishana kete, mweupe amezidi kwa askari mmoja. Lakini kete zake za upande wa malkia bado hazijatoka, huku malkia, maaskofu na farasi wa mweusi wakiweza kumwelekea mfalme wake haraka.

Mchezo wa 1918
Mnamo Oktoba 1918, katika mashindano ya Manhattan Chess Club mjini New York, Marshall alitumia njia hiyo dhidi ya José Raúl Capablanca wa Kuba. Capablanca angeweza kumkataa askari, lakini alimla, ingawa alielewa kwamba mpinzani amejiandaa. Katika hatua ya 15 Marshall alimpeleka farasi f2 na kula askari mbele ya mfalme. Capablanca hakumla farasi huyo, kwani malkia wake angeingia mtegoni. Alisogeza ngome hadi e2. Alijilinda hatua kwa hatua, kisha akashambulia na kushinda katika hatua ya 36. Alishinda pia mashindano yote, na mwaka 1921 akawa bingwa wa dunia.

Hadithi na ukweli
Husimuliwa kwamba Marshall aliificha njia hiyo tangu 1909, aliposhindwa vibaya na Capablanca, akisubiri kulipiza kisasi. Hata hivyo, mawazo yanayofanana na hayo yalishachezwa kabla ya 1918.

Matumizi ya baadaye
Katika mchezo ule Marshall alirudisha farasi f6 kwa hatua ya 11. Baadaye ilionekana kuwa askari kwenda c6 ni bora zaidi, kwa sababu farasi hubaki imara d5. Boris Spassky aliitumia dhidi ya Mikhail Tal mwaka 1965. Hadi leo wachezaji wengi wa nyeupe huikwepa mapema, kwa mfano kwa kusogeza askari hadi a4 au h3 katika hatua ya nane.