Kutoka Lango la Coram

Karibu na kituo cha treni cha Russell Square, katikati ya London, kuna uwanja wa watoto uitwao Coram's Fields. Langoni pana sharti moja: mtu mzima haingii asipokuwa na mtoto. Hapa ndipo liliposimama jumba la Foundling Hospital, kituo cha kulea watoto waliotupwa. Nahodha Thomas Coram aliwabishia hodi wakubwa kwa miaka 17 kabla ya kupata hati ya Mfalme George II mwaka 1739.

Mabadiliko ya familia ya Uingereza husimuliwa zaidi kwa hesabu za talaka. Mimi naona tuanzie hapa, kwa mwanamke aliyezaa bila ndoa.

Makumbusho ya jirani, Brunswick Square, yamehifadhi vitu ambavyo kina mama waliviacha pamoja na watoto wao: sarafu iliyochongwa herufi, kitufe, hata kokwa. Mtoto alipopokelewa alipewa jina jipya, hivyo kitu kile kilikuwa ushahidi wa mama siku akirudi kumdai. Si wote waliokosa waume. Wengine ufukara tu uliwashinda. Wengi hawakurudi kamwe.

Mwaka 1834 Sheria mpya ya Maskini ilimtwika mama karibu mzigo wote wa mtoto wa nje ya ndoa, baba akaponea. Kisha, mwaka 1926, kuasili mtoto kukawekewa sheria kwa mara ya kwanza katika England na Wales.

Kipande kinachoniuma zaidi katika njia hii ni cha juzijuzi. Kati ya 1949 na 1976, kwa makadirio ya kamati ya Bunge, watoto wapatao 185,000 wa kina mama wasioolewa waliasiliwa katika England na Wales. Wasichana walipelekwa mbali na kwao, wengi katika nyumba za makanisa, majirani wasije wakaona tumbo. Mama alimnyonyesha mwanawe au kumpa chupa, akamwogesha, pengine akamfumia sweta. Baada ya wiki kama sita akaambiwa amkabidhi.

Halafu mambo yakaenda mbio. Sheria ya talaka ililegezwa kuanzia 1971, na sheria nyingine ya 1987 ikaondoa karibu tofauti zote za haki kati ya mtoto wa ndoa na asiye wa ndoa. Mwaka 2021, zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa England na Wales wazazi wao hawakuwa wamefunga ndoa. Wengi wa wazazi hao wanaishi pamoja, na mtaani hakuna anayewauliza.

Lakini baadhi ya kina mama wale wa miaka ya sitini bado wako hai. Serikali za Scotland na Wales ziliwaomba radhi mwaka 2023. Wanachosisitiza wao ni kwamba hawakuwatoa watoto wao, walinyang'anywa.