Maji ya Pumzi

Sisi tuliokulia chini ya Milima ya Uluguru tumezoea kuyapima maji kwa macho na kwa ulimi. Yakiwa maangavu na baridi, tunasema ni mazuri. Yakiwa mekundu, tunajua kwamba masika yameshuka na kwamba ni lazima yaachwe ndooni yatulie. Kipimo hicho kimetulea, nami sikidharau. Lakini yapo maji ambayo hayapiti ulimini wala tumboni, nayo ni yale yanayoingia mwilini kwa pumzi. Hayo nimeanza kuyafikiria uzeeni, kwa ajili ya chombo kidogo kilichopo kando ya kitanda changu. Kadiri ninavyokisafisha, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba historia yake ni ndefu kuliko umbo lake.

Chombo chenyewe ni mashine ya kusukuma hewa, ambayo waganga wa hospitali huiita kwa herufi zake, CPAP. Ina mota, ina mpira mrefu, ina barakoa ya kufunika pua, na ubavuni ina kitangi cha plastiki cha kutilia maji. Kazi yake ni kuisukuma hewa kooni usiku kucha ili koo lisijifunge. Maana mtu anayekoroma sana mara nyingine hukatika pumzi kabisa, akakaa sekunde 10, 20 au zaidi bila kupumua, halafu akashtuka na kuanza upya, mara nyingi kwa usiku mmoja, na asubuhi asikumbuke hata moja.

Kwetu kukoroma kulikuwa jambo la kuchekesha, na tena lilidhaniwa kuwa dalili ya usingizi mtamu. Marehemu kaka yangu alikoroma hata wageni wakaombwa kulala nyumba ya pili. Mchana alisinzia mbele ya sahani ya ugali. Mwaka 1998 alilala asiamke, akiwa na umri wa miaka 51. Wazee walisema amebanwa na jinamizi. Wengine walisema ni moyo. Hakuna aliyetaja koo lake, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kusikia kwamba koo linaweza kuwa jambo la kutajwa msibani.

Wala si sisi peke yetu tuliocheka. Waingereza walicheka pia. Charles Dickens, katika kitabu alichokitoa kwa sehemu mwaka 1836 na 1837, aliweka kijana mmoja mnene aitwaye Joe ambaye husinzia akiwa amesimama, na wasomaji walimfurahia kwa zaidi ya miaka 100 kabla waganga wa Marekani hawajaandika, mwaka 1956, kwamba huo ni ugonjwa, wakaupa jina kutokana na kitabu hicho. Hata hapo dawa haikuwapo. Wagonjwa mahututi walitobolewa tundu kooni ili wapumulie hapo.

Mashine ya kusukuma hewa ilianza kwa watoto wachanga. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza jinsi walivyowaokoa watoto njiti, ambao mapafu yao hujikunja kila wanapotoa pumzi, kwa kuwapa hewa yenye msukumo usiokoma. Njia nyepesi kuliko zote ya kupata msukumo huo ni maji: bomba la kutolea hewa linatumbukizwa katika chupa, na kina cha bomba ndicho kipimo. Likizama sentimita 5, mtoto anapata msukumo wa sentimita 5, na mapovu yanayotokota yanamjulisha muuguzi kwamba hewa inapita. Njia hiyo imetengenezewa mashine ya bei nafuu iitwayo Pumani. Tangu mwaka 2019 ushirika wa NEST360 unazishughulikia mashine za namna hii katika wodi za watoto wachanga za nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na mshirika wake hapa nchini ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye jina la mji uliomo katika mkoa wetu huu wa Morogoro.

Ya watu wazima ilifuata baadaye. Mwaka 1980 huko Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alichukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kufyonza, akaunga mpira na kifuniko cha pua, akamfunga mgonjwa aliyekuwa karibu kutobolewa koo. Mgonjwa alilala usiku kucha bila kukatika pumzi. Taarifa ilichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Aprili 1981. Napenda sana habari hii ya mafyonzeo, kwa kuwa inafanana na kazi za mafundi wetu wa Msamvu, ambao nao hawaoni kitu kuwa na matumizi mamoja tu.

Sasa tuje kwenye maji. Hewa ya mota ni kavu, nayo huunguza pua na kukausha koo. Watu wengi waliiacha mashine kwa sababu hiyo tu. Ndipo kikaongezwa kitangi chenye kibati cha moto chini yake, ili hewa ipite juu ya maji ya uvuguvugu na kuchukua unyevu. Neema hiyo ilileta na kazi yake. Maji ya uvuguvugu, yaliyotuama gizani ndani ya plastiki kwa saa 8, ni shamba zuri la kuvu na vijidudu.

Hospitali zilikuwa zimelijua jambo hili mapema, tena kwa gharama ya maisha ya watu. Mwaka 1965 madaktari wa Dallas, Texas, walichunguza vyombo vya kuvutia pumzi vilivyokuwa vikitumika wodini, wakakuta kwamba matangi ya maji yalijaa bakteria, na kwamba vyombo vile vilikuwa vikiwapulizia wagonjwa mapafuni homa ya mapafu. Dawa waliyoitumia haikuwa ngeni jikoni: asidi ileile iliyomo katika siki, ikiwa imezimuliwa sana. Mwaka 1970 walitoa taarifa kwamba tangu waanze kusafisha hivyo, vifo vya namna ile ya homa ya mapafu vilikuwa vimepungua sana. Miaka 6 baadaye, Julai 1976, wanajeshi wastaafu walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Zaidi ya watu 180 waliugua na kadiri ya 30 wakafa. Januari 1977 bakteria aliyehusika alijulikana, naye akapewa jina la Legionella. Makazi yake ni maji, na njia yake ya kumfikia mtu ni manyunyu anayoyavuta kwa pumzi.

Hapa nataka msomaji asiogope kupita kiasi. Vile vyombo vya Dallas vilikuwa vikiyapasua maji yakawa manyunyu, na tone dogo la maji linaweza kubeba bakteria mgongoni. Kitangi cha mashine yangu hakipasui maji. Kinayafanya mvuke, na mvuke ni maji matupu. Kwa hiyo hatari yake ni ndogo zaidi. Lakini maji machafu yanaweza kuruka mashine ikitikiswa, kuvu huota kwenye kuta za kitangi na kupanda mpirani, na harufu peke yake inatosha kumfanya mtu aitupe barakoa uvunguni. Na anayeitupa barakoa amerudi alikokuwa kaka yangu.

Ni maji gani basi ya kutia? Watengenezaji wanasema maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji. Hapa Morogoro maji hayo nayajua kwa jina la maji ya betri, na yanauzwa vituo vya mafuta. Mimi siyachukui kibandani. Kukeneka kunaondoa chumvi, lakini hakuyalindi maji yaliyomiminwa katika chupa ambayo haijulikani ilikuwa na nini. Na katika rafu hiyohiyo hukaa asidi ya betri, ambayo Mungu atuepushe nayo. Maji ya kuchemsha nayo yana upande wake: moto unaua vijidudu, ila chumvi inabaki, nayo ndiyo inayofanya ule utando mweupe tunaouona ndani ya birika. Maji ya kisima cha jirani yangu yananiachia utando huo katika siku chache. Ya bomba la mlimani huchukua wiki kadhaa. Nikikosa ya dukani yaliyofungwa vizuri, nachemsha ya bomba, nayapoza yakiwa yamefunikwa, na utando ukitokea nautoa kwa siki.

Kuchemsha maji si elimu ya jana kwetu. Mwaka 1973 redio ilituendeshea kampeni ya Mtu ni Afya, na takriban watu milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi kuisikiliza. Nilikuwa kijana wa miaka 16, na kazi yangu ilikuwa kumsomea bibi kijitabu, maana yeye hakujua kusoma. Bibi alikubali choo, akakubali kufyeka nyasi, lakini kuchemsha maji alikupinga kwa hoja ambayo mpaka leo naiona nzito: maji ya mlimani yana mwenyewe, na kuyachemsha ni kumtukana. Watu wa rika lake waliishi na habari za Kolelo, mzimu wa upande wa mashariki wa Uluguru ambao wanahistoria wanauhusisha na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, na habari za kina Kingalu wa Kinole, waliosifika kwa kuleta mvua. Kwao maji yalikuwa na heshima kabla ya kuwa na usafi. Kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977, bibi alianza kuchemsha bila kumwambia mtu.

Kisa kingine kinachoyahusu maji haya ni cha mwaka 1955. Serikali ya Waingereza ilikuwa na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: udongo ulikuwa ukimomonyoka, na mito ikiuchukua. Mito hiyo si haba. Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unapata maji yake mengi kutoka milima hii, na Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu unaanzia hukuhuku. Lakini matuta yalikuwa kazi ya kuvunja mgongo, udongo wa rutuba ulifukiwa chini na ule usiofaa ukaletwa juu, na faini ilikuwa inamngoja asiyechimba. Mwaka huo wa 1955 fujo zilizuka, na mpango ukaachwa. Nimefundisha somo hilo miaka mingi kama ushindi wa wananchi, na ulikuwa ushindi kweli. Hata hivyo, kila masika nifunguapo bomba na kuona maji ya rangi ya chai ya maziwa, nakumbuka kwamba mashamba yaliendelea kupanda juu, na kwamba msitu uliobaki ulikuja kufanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008.

Kazi yangu ya asubuhi ni fupi. Namwaga maji yaliyolala, hata yakionekana masafi. Kitangi nakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, nakisuuza, nakianika kivulini juu ya kitambaa, kwa kuwa jua la Morogoro hupasua plastiki. Mara moja kwa wiki nakiloweka nusu saa hivi katika siki nyeupe, sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Jiki sitii kabisa. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza, "Babu, mbona unaipikia mashine yako chai?" Mama yao akamkaripia, nikamwambia amwache, maana swali lake lilikuwa zuri.

Zinauzwa pia mashine za kusafishia mashine, zinazotumia hewa ya ozoni. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja kwa kazi hiyo. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita irudishwe idadi ya mamilioni ya mashine za pumzi, kwa kuwa sifongo ya kupunguza mlio ilikuwa ikimeguka ndani, na ozoni ilitajwa kuwa inaweza kuzidisha mmeguko huo. Nimebaki na sabuni.

Mwezi uliopita mke wa jirani yangu alikuja jioni, akakaa kibarazani muda mrefu kabla hajasema kilichomleta. Mumewe ni dereva wa lori. Alipewa mashine kama yangu na ndugu zake walioko Muscat, akaitumia miezi miwili, kisha akaiacha kwa kuwa ilimnukia na kumkohoza. Tangu hapo anasinzia kwenye usukani. Utingo wake amemwamsha mara mbili katika barabara ya Mikumi. Nilikwenda. Kitangi kilikuwa na maji yaleyale ya siku aliyoiacha, na ukuta wake umeota kijani. Tulikiloweka, tukakisugua, kikatakata, lakini mpira wa kuzibia ulikuwa na madoa meusi yaliyoingia ndani, nikamwambia, "Mdogo wangu, huu tupa." Ilibidi asubiri wiki tatu mpaka mwingine ulipoletwa. Siku hizo zote lori liliendeshwa na mwenzake, na mshahara ukaenda kwa mwenzake.

Jumatatu iliyopita aliondoka kwenda Tunduma. Kitangi kilikuwa kikavu, kimefungwa ndani ya khanga ya mkewe, na dumu la lita 5 la maji yaliyochemshwa lilikuwa nyuma ya kiti.