Kikohozi kisichopona: Wajue wataalamu wa saratani za kifua

MGONJWA anayekohoa kwa majuma kadhaa nchini Kenya hushukiwa kwanza kuwa na kifua kikuu. Shaka hiyo ina msingi, kwani maradhi hayo yameenea. Hata hivyo, saratani ya mapafu huwa na dalili zizo hizo: kukohoa damu, kukonda, maumivu ya kifua na kuishiwa na pumzi. Anayemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi bila nafuu, ilhali viini havikupatikana katika makohozi yake, huenda akapoteza muda ambao upasuaji ungemwokoa.

Daktari wa mapafu ndiye hufumbua fumbo hilo. Hupitisha mrija mwembamba wenye kamera hadi kwenye njia za hewa na kutoa kipande kidogo cha uvimbe. Mwanapatholojia hukichunguza kwa hadubini ili kubaini aina ya saratani, kwa kuwa tiba hutegemea jibu lake. Saratani ya seli ndogo, kwa mfano, huenea kwa kasi na aghalabu hutibiwa kwa dawa na miale badala ya kisu.

Iwapo ugonjwa haujasambaa, daktari wa upasuaji wa kifua huondoa sehemu ya pafu iliyoathirika. Mnamo 1933, Evarts Graham wa St. Louis, Marekani, alimwondolea daktari mwenzake pafu zima, na mgonjwa huyo akaishi hadi 1963. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji wa sigara, alifariki mwaka wa 1957 kutokana na saratani ya mapafu.

Pale kisu kisipofaa, au baada ya upasuaji, wataalamu wa saratani huendelea na dawa za kuua seli mbovu na tiba ya miale.

Wataalamu wa kifua hutibu pia saratani ya umio, ambayo huwaathiri wengi eneo la Bonde la Ufa. Katika Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, wagonjwa ambao hawawezi kupasuliwa huwekewa mrija wa kupanua umio ili wamudu kumeza chakula.

Kwa hivyo, kikohozi kisichosikia dawa au chakula kinachokwama kooni ni sababu tosha ya kuomba rufaa kwa wataalamu hawa mapema.