Miti Iliyotunzwa na Akina Mama

Katika mwaka wa yubile twazihesabu kazi za wazee wetu: makanisa, skuli, na nyumba za wagonjwa. Yafaa tuihesabu na miti pia, maana hesabu yake ina mafundisho.

Hapo kale Wakikuyu waliuheshimu mti wa mugumo, wala hawakuukata. Baadhi yetu tuliotangulia kuamini tuliudhani kuwa ni mti wa upagani tu, tukaona ni haki kuuangusha. Hatukufahamu ya kuwa mizizi yake hushika udongo na kulinda chemchemi. Bibi Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, aliyesomeshwa na masista wa misheni, alikatazwa na mama yake kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kijito. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, aliukuta umekatwa, na kijito kimekauka.

Kazi ya kurudisha miti ilikuwa imekwisha kuanza zamani. Mwaka 1922 Bwana Richard St. Barbe Baker, ofisa wa misitu, pamoja na Chifu Josiah Njonjo, waliunda chama cha Watu wa Miti, ambacho vijana wake waliahidi kupanda miti kila mwaka.

Kisha, tarehe 5 Juni 1977, Bibi Wangari na wenzake walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi yake haikuishi. Walakini hawakukata tamaa, bali waliwaendea akina mama wa vijijini, wakafundishana kuokota mbegu za miti ya kwao, kutengeneza vitalu, na kutia maji. Wakawekewa sharti moja: malipo yao madogo hayakutolewa kwa mche uliopandwa, ila kwa mche ulioshika na kuishi. Hata mwaka 2004, Bibi Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30.

Sisi nasi hupanda miche mingi siku ya sikukuu, kwa nyimbo na vigelegele. Kiangazi kikiisha, twakuta vijiti vikavu. Kuchimba shimo ni kazi ya asubuhi moja, kutunza ni kazi ya miaka. Basi, waalimu na wakristo wenzetu, tusiandike katika vitabu vya parokia idadi ya miche tuliyoipanda, mpaka mwaka wa tatu upite, tukaihesabu iliyo hai.