Neno "Uchunguzi" Linaishia Wapi? Bima ya Afya na Saratani ya Utumbo Mpana

Tumchukue mtu wa miaka 58, Mmarekani, mwaka 2011. Haumwi popote. Kadi yake ya bima inamhakikishia kwamba kolonoskopi ya uchunguzi hailipiwi hata senti moja. Usiku amekunywa dawa ya kuharisha iliyochanganywa na maji, bilauri baada ya bilauri, mpaka kinachotoka ni maji matupu. Asubuhi analazwa ubavu wa kushoto, anadungwa dawa ya usingizi, na mpira mwembamba wenye kamera kwenye ncha unapitishwa kwenye njia ya haja kubwa. Daktari anaona polipu, kinyama chenye ukubwa wa punje ya choroko. Anakizungushia kitanzi cha waya, anakikata, anakitoa. Mgonjwa anaamka, anaambiwa mambo yamekwenda vizuri, anarudi nyumbani. Wiki chache baadaye inafika barua: anadaiwa mamia ya dola. Amekosa nini? Amekutwa na kitu kile kile alichoenda kutafutiwa. Kwa hesabu za bima yake, alilala akiwa katika uchunguzi akaamka akiwa katika matibabu, na matibabu yana mchango wa mgonjwa.

Mtu huyu ni wa mfano tu, lakini barua za aina hiyo ziliwafikia wengi, na zinaonyesha vizuri kuliko takwimu yoyote ninachotaka kukidai hapa. Sheria inayoibana bima ilipie uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana, thamani yake yote imo katika tafsiri ya neno moja. Wamarekani walipitisha sheria yao mwaka 2010, kisha wakatumia miaka kumi na miwili kueleza "uchunguzi" ni nini. Sisi wa Afrika Mashariki ambao ndio kwanza tunaandika vitita vyetu vya mafao tunaweza kusoma kosa hilo bila kulilipia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana tabia yake ndiyo inayobeba hoja. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama polipu isiyo na madhara, na kutoka hapo hadi kuwa saratani huchukua kwa kawaida miaka kumi au zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba watu waliotolewa polipu walipata saratani hii kwa kiwango cha chini sana kuliko ilivyotarajiwa. Picha ya eksirei ya titi huona tu. Kukata ni kazi ya siku nyingine, chumba kingine. Kwenye utumbo, anayetafuta ndiye anayetibu, kwa mpira ule ule, katika usingizi ule ule. Mpaka kati ya kinga na tiba, ambao wahasibu wa bima wanauhitaji ili wafunge vitabu vyao, mwilini haupo.

Kwa nini basi bima ilazimishwe, ikiwa kuzuia saratani ni nafuu kuliko kuitibu? Kwa sababu faida humwendea mwingine. Kampuni ya Marekani ikimlipia kolonoskopi mwanachama wa miaka 50, saratani ambayo ingezuiwa pengine ingejitokeza akiwa na miaka 65 au 70. Kufikia hapo atakuwa amebadilisha kazi mara mbili au tatu, na bima pamoja nazo, kisha ameingia Medicare, bima ya serikali ya wazee. Aliyepanda si atakayevuna. Sidhani kama kuna haja ya kumtafuta mwovu katika jambo hili; hata mhasibu mwenye huruma, akiachwa na karatasi zake, angefikia uamuzi ule ule. Ni sheria pekee inayoweza kuwaambia wote walipie kwa pamoja, ili kila mmoja avune alichopanda mwenzake.

Sheria ya 2010, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Obamacare, ilifanya jambo la busara katika uandishi wake. Haikutaja vipimo. Ilisema kwamba huduma yoyote ya kinga iliyopewa daraja A au B na jopo huru la wataalamu ilipiwe na bima bila mgonjwa kuchangia. Jopo hilo lilikwisha kuupa uchunguzi wa utumbo mpana daraja A mwaka 2008 kwa watu wa miaka 50 hadi 75. Mei 2021, baada ya kuonekana kwamba ugonjwa unawapata vijana wengi zaidi kuliko zamani, likashusha umri hadi miaka 45, na bima zikafuata bila Bunge la Marekani kukutana. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba kamba yote imefungwa kwenye msumari mmoja. Waliotaka kuung'oa walifika Mahakama ya Juu, na Juni 2025 walishindwa kwa majaji sita dhidi ya watatu. Hata hivyo, sababu iliyotolewa na mahakama ni kwamba waziri wa afya ana mamlaka ya kuwaondoa wanajopo na kuyapitia mapendekezo yao. Msumari umebaki, nyundo kapewa waziri.

Lakini kuhusu neno "uchunguzi", sheria ilinyamaza. Februari 2013 ndipo serikali ilipotoa ufafanuzi kwamba kukata polipu katikati ya kolonoskopi ya uchunguzi ni sehemu ya uchunguzi. Mei 2015 ikafafanua kwamba dawa ya usingizi nayo ni sehemu yake. Oktoba mwaka huo huo zikaongezwa ziara ya kumwona daktari kabla ya kipimo na kazi ya maabara ya kukikagua kinyama kilichokatwa. Dawa ya kuharisha ilisubiri hadi 2016, kana kwamba kuna mtu amewahi kuchunguzwa utumbo ukiwa umejaa. Wazee wa Medicare ndio waliokaa muda mrefu zaidi: polipu ikikatwa walidaiwa asilimia 20, na sheria ya Desemba 2020 iliyowaondolea mzigo huo inaushusha kwa ngazi, asilimia 15 tangu 2023, kumi kuanzia 2027, na sifuri ifikapo 2030.

Hata baada ya ufafanuzi, yote hutegemea karani. Kila huduma hospitalini ina namba yake, na ili bima ijue kwamba kazi ilianza kama uchunguzi, karani wa ankara hubandika alama mbili mwishoni mwa namba hiyo: 33 kwa bima binafsi, herufi PT kwa Medicare. Akisahau, mgonjwa anapata barua. Haki iliyopiganiwa bungeni na mahakamani inaweza kupotea kwenye kibodi saa kumi jioni, na mwenye kazi ya kuirudisha ni mgonjwa, kwa simu.

Wapo wanaosema fedha zote hizi zinapotea bure, na wana hoja ya kusikilizwa. Utafiti uliofanyika Poland, Norwei na Uswidi, uliotolewa 2022, ulionyesha kwamba watu walioalikwa kufanya kolonoskopi walipata saratani hii kwa asilimia 18 pungufu katika miaka kumi, huku tofauti ya vifo ikiwa ndogo kiasi cha kutothibitika. Ila walioitikia mwaliko ni asilimia 42 tu. Kipimo ambacho watu wengi zaidi ya nusu wanakikwepa hakiwezi kuwa nguzo pekee ya sera. Somo ninalolipata mimi hapo ni kukiinua kipimo cha choo, kile kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hakihitaji kufunga wala usingizi: mtu hujichukulia sampuli nyumbani kila mwaka, kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya kolonoskopi. Japani imekitumia kwa taifa zima tangu 1992.

Kipimo hicho kina sharti moja. Jibu likisema damu ipo, lazima kolonoskopi ifuate, la sivyo umempa mtu hofu ukaiita huduma. Hapa ndipo sheria ya Marekani ilipochechemea vibaya kuliko popote: aliyechagua kipimo cha bei rahisi alikipata bure, kisha jibu lilipokuwa baya akadaiwa kolonoskopi, kwa kuwa sasa si mzima anayechunguzwa tena, ni mtu mwenye dalili. Ufafanuzi wa kulifuta hilo ulitoka Januari 2022. Miaka yote hiyo bima ilimwadhibu mtu kwa kuanza na njia nafuu.

Jimbo dogo la Delaware, lenye watu wasiofika milioni moja wakati huo, halikusubiri. Kuanzia 2002 lililipia kolonoskopi za wasio na bima, likaajiri wauguzi wa kuwafuatilia watu mmoja mmoja, kuwapangia siku na kuwakumbusha, kisha likaahidi kulipia matibabu ya atakayekutwa na saratani. Kati ya 2001 na 2009, watu weusi waliochunguzwa walipanda kutoka asilimia 48 hadi 74, wazungu kutoka 58 hadi 74 hiyo hiyo, na pengo la vifo kati yao karibu lizibike. Wauguzi wale wananivutia kuliko kipengele chochote cha sheria. Lakini kazi yao iliwezekana kwa sababu hakuna mahali kwenye safari ya mgonjwa ambapo walilazimika kumwambia, "kuanzia hapa ni juu yako."

Huku kwetu ugonjwa huu umebeba sifa ya kuwa wa Wazungu, na sifa hiyo ina historia ya heshima. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alishangazwa na jinsi alivyouona mara chache, na miaka ya 1970 nadharia yake kwamba vyakula vya nyuzinyuzi huukinga utumbo ikaenea duniani. Alichokiona kilikuwa kweli kwa wakati wake. Tatizo ni kwamba watoto wa wagonjwa wake wamehamia mijini na vyakula vimebadilika, ilhali damu kwenye choo bado inaitwa bawasiri. Mtu hupakwa dawa, hukatazwa pilipili, hupelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba mwenye bango la bawasiri kituo cha daladala, na mwaka mzima hupita kabla hajafika penye kamera.

Sishauri Tanzania au Kenya iahidi kolonoskopi kwa kila mwenye miaka 45. Wenye ujuzi wa kuifanya hawatoshi hata kwa walio na dalili, na ahadi isiyo na mashine nyuma yake huharibu imani ya watu kwa bima yenyewe. Ninachoshauri ni kidogo kwa eneo na kikubwa kwa kina: walengwa wawe wenye kutokwa damu na wale ambao mzazi au ndugu yao wa tumbo moja aliugua saratani hii, lakini watu hao walipiwe mnyororo mzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya zote ni za 2023, na kanuni na vitita vyake bado vinarekebishwa. Mfuko wa taifa, tofauti na kampuni ya Marekani, hauwezi kusema mwanachama atahamia kwingine. Anayeachwa leo atarudi kwake na uvimbe.

Na tuna bahati ya lugha. Kiingereza kina neno moja la kumpima mzima na jingine la kumpima mgonjwa, na katika ufa ule bima za Marekani zilijenga makao. Kwa Kiswahili, mtu akiambiwa "nenda ukachunguzwe", mambo yote mawili yamo ndani. Sisi wataalamu tumeanza kuuleta ufa huo kwa kubuni "uchunguzi wa awali", istilahi nzuri kwa mhadhara, ya hatari kwa mkataba. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, basi mwandishi wa kanuni autumie upana huo. Kifungu chenyewe hakina haja ya kuwa kirefu: mwanachama aliyeanza kuchunguzwa atahesabiwa yumo katika uchunguzi, bila kuchangia chochote, kuanzia kikopo cha choo mpaka siku anayosomewa majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara.